Miaka Yangu kwenye Ubao wa Farasi, Rumonge

Mnanijia nyumbani na simu zenu, mnanionyesha farasi wenye majina yasiyotamkika, mnasema, "Mama Neema, tusomee hizi mbio." Nawapa chai, nawapa viazi vitamu, na mbio siwasomei. Mkifika barabarani mnasema mama huyu mchoyo, anataka kuzikwa na ujuzi wake. Haya, leo nawapa ujuzi wote, bure, mpaka mnikimbie wenyewe. Nikimaliza mtajua pia kwa nini siku niliyoacha ile kazi nililala fofofo, na mume wangu akaja kunigusa bega kuona kama bado napumua.

Wengi wenu mmekuta kila kitu kimo kwenye simu, kwa hiyo acha niwaeleze kazi ilikuwa nini. Kabla ya kuteremka sokoni palikuwa na chumba cha rangi ya kijani, chenye dirisha la kuuzia tiketi, mabenchi, na televisheni iliyofungwa juu ukutani ili mtu akikasirika asiifikie. Watu walipaita Kwa Farasi. Farasi wenyewe walikuwa Ufaransa. Walikimbia huko, sisi tukawatazama huku, na aliyetabiri sawasawa wale wa kwanza alilipwa dirishani. Mlangoni palikuwa na ubao mweusi, na ubao huo ndio uliokuwa kazi yangu. Kila siku ya mbio niliandika kwa chaki majina ya farasi, na chini yake maneno yangu: mbio zitaendaje, nani ataongoza, nani ataishiwa pumzi, nani atatokea nyuma. Patroni, mwenye chumba, alinilipa kwa sababu watu walikuja kuusoma ubao, na wakishausoma hawakuondoka mikono mitupu.

Na farasi mwenyewe sijawahi kumgusa hata siku moja. Rumonge tuna ng'ombe, tuna mbuzi, tuna bata wa jirani yangu wasio na adabu. Farasi hatuna. Siku moja mgeni kutoka Bujumbura aliniuliza farasi ana harufu gani, nikamjibu kwa uso mkavu kwamba inategemea.

Niliingia pale kwa mlango wa maandazi. Nilikuwa nauza maandazi kizingitini, na ndani alikuwepo mzee mmoja kutoka Uvira, Papa Anselme, ambaye ndiye aliyekuwa akiandika ubao kabla yangu. Macho yalikuwa yameanza kumsaliti. Akiandika mstari ulipanda juu kama unakwenda milimani. Siku moja akanipa chaki, akasema, "Mama, weye uko na mwandiko muzuri. Mi nasema, weye unaandika." Nikaandika. Baada ya hapo maandazi yakawa yanapoa, maana nilikuwa nauliza maswali.

Swali la kwanza aliuliza yeye. "Ukitazama mbio, uko unatazama nini?"

"Natazama anayeshinda, Papa."

"Ee, ndiyo maana haujui kitu. Mwisho, kila mutu anauona. Hata mbuzi anauona. Angalia mwanzo: nani anapenda kuwa mbele, nani anapenda kujificha, nani anangoja."

Basi shikeni hapo, vijana. Alinifundisha kwamba farasi wana tabia, na tabia haibadiliki ovyo. Wapo wasiovumilia kuuona mkia wa mwenzao. Wakifunguliwa tu wanachomoka, na huko mbele ndiko wanakofurahi. Hao tuliwaita wa mbele. Wapo wanaokaa nyuma ya mgongo wa mwingine, wakikingwa upepo, kisha wanachomoza mwisho ukikaribia. Hao tuliwaita wa kivulini. Na wapo wanaobaki mkiani kabisa, utadhani wamesahau kilichowaleta, mpaka wenzao waanze kuchoka. Hao ni wa kungoja. Mkitaka kujua faida ya kivuli, watazameni wale vijana wanaopandisha ndizi kwa baiskeli upepo wa ziwa unapovuma. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza, na aliye wa kwanza ndiye anayetukana.

Sasa, kabla hujauliza nani ana nguvu, hesabu wa mbele. Akiwa mmoja tu, hana wa kumsumbua. Anakwenda kwa mwendo anaoutaka mwenyewe, anapumua vizuri, anawapumbaza wa nyuma, na wakija kushtuka yeye bado ana nguvu zake zote. Farasi wa kawaida kabisa akiachwa mbele peke yake anaweza kumwaibisha bingwa. Lakini wa mbele wakiwa wengi, hakuna atakayemwachia mwenzake. Watavutana tangu mwanzo, watakwenda kasi kuliko uwezo wao, na wakifika sehemu ya mwisho miguu imekuwa mizito. Hapo wa kungoja wanapita wakichagua njia. Ndiyo kazi yote hiyo. Mengine ni mapambo.

Kuijua tabia ya farasi ndiko kulikokuwa na jasho. Papa Anselme alinikataza kutazama wakimaliza. Farasi wakiingia sehemu ya mwisho, chumba kizima kimesimama, wanaume wanapiga mabenchi kwa makofi, mimi nilitakiwa kugeuka, niitazame barabara. Kelele zikiisha ananiuliza, "Katikati ya mbio, yule mwekundu alikuwa wapi? Nani alikuwa amekingwa? Nani alikwenda kwenye upepo peke yake?" Nikikosea napewa mgongo hadi kesho yake. Niliona upuuzi mtupu. Mwaka ulipogeuka nikawa nawajua farasi wa Ufaransa kuliko nilivyowajua watoto wa dada zangu.

Karatasi za mbio zilitoka Bujumbura kwa basi dogo. Zikifika, zilifika. Mara nyingine kurasa mbili hazipo, na ukiuliza unaambiwa pale Kabezi mama mmoja amepewa afungie nyanya. Niliwahi kuandika nusu ya mbio, na chini yake nikaandika kwamba nusu nyingine wamekula watu wa Kabezi. Watu walicheza hivyo hivyo. Baadaye zikaja simu, karatasi zikawa zinaingia kabla sijaamka, na uvivu nao ukaingia. Vijana mnasoma namba, hamtazami mbio. Namba itakuambia huyu alimaliza wa sita. Haitakuambia kwamba alikwenda kwenye upepo njia nzima bila mgongo wa kujikinga, na kwamba wa sita huyo alikuwa na moyo kuliko wa kwanza.

Nisijifanye nilijua yote. Papa Anselme alipoanza kuniachia ubao peke yangu, nilikuta kwenye karatasi alama inayosema farasi fulani atakimbia bila viatu vyake vya chuma. Mbio zile zilikuwa za troti, zile ambazo farasi huvuta kigari kidogo chenye magurudumu mawili na haruhusiwi kupiga shoti. Akipiga shoti tu, anatolewa. Basi nilipoona hana viatu nilishikwa na huruma. Kwetu mtu anayekwenda mahali pa maana bila viatu ni mtu ambaye maisha yamemshinda, au ameviacha mlangoni wakaondoka navyo. Nikaandika ubaoni kwa herufi kubwa: HUYU HAPANA, MWENYE FARASI AMEFILISIKA. Wavuvi wakasoma, wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Hakuna hata mmoja aliyemcheza. Wengine walimwombea.

Farasi yule aliwaacha wenzake mbali kiasi kwamba televisheni ilishindwa kuwaonyesha pamoja. Papa Anselme alicheka mpaka akakohoa. "Mama! Bila viatu iko mwepesi! Banamuvua ili akimbie!" Nikabaki na jina la Mama Bila Viatu, na bandarini wapo wanaoniita hivyo mpaka leo.

Wateja wetu nao walikuwa na kichwa chao. Mnajua ndagala, hawa dagaa wetu, wanavuliwa kwa taa. Mwezi ukijaa, taa za mitumbwi hazina kazi, ndagala hawaji, na ekipe zote za wavuvi zinapumzika mpaka giza lirudi. Siku hizo za mwezi ndizo chumba chetu kilijaa mpaka dirishani, maana mvuvi asiye na kazi na asiye na usingizi ni mtu wa kuogopwa. Na wote walipenda farasi wa mbele. Usingewaambia kitu. Ziwani anayetangulia ndiye anayechagua mahali pazuri pa kuweka taa, kwa hiyo walijua kwa mifupa yao kwamba wa kwanza ndiye anayekula. Niliwaambia mpaka koo likakauka: ninyi mkifika mnatia nanga mnapumzika, farasi akitangulia hana nanga. Walinijibu, "Mama, weye ni mutu wa nchi kavu." Wakacheza wa mbele, wakapoteza, wakarudi kunilaumu mimi.

Jirani yangu Hajati Mwajuma alikuwa akipita pale kila asubuhi kwenda sokoni. Hakuwahi kuutazama ubao. Alisema tu, "Mama Neema, Mungu akutoe hapo salama." Nami nikajibu amina, na nilikuwa namaanisha, kwa sababu nilijua ninachokifanya. Nilikuwa sichezi mwenyewe, lakini maneno yangu yalikuwa yanatembea na mifuko ya watu. Nilizoea kujiambia kwamba mtu mzima ana akili zake. Nilijiambia hivyo mpaka siku ya mdogo wangu Eliya.

Eliya ni wa tumbo moja na mimi, ananifuata, ndiyo maana yeye na mkewe huniita yaya, dada mkubwa. Alikuwa kapita, kiongozi wa ekipe ya ndagala, na moteri ya ekipe ile, injini ya mtumbwi, haikuwa yake. Ilinunuliwa kwa jasho la familia zote, wajane wakiwemo. Desturi ya wavuvi wetu ni kwamba siku za mwezi moteri hufunguliwa kwenye mtumbwi na kulala nyumbani kwa kapita, kwa sababu ndiye anayeaminiwa. Mtu akipoteza moteri ya ekipe hapa pwani, haombi msamaha. Anavuka usiku kwenda Kongo na mkewe hamwoni tena. Tumewaona waliokwenda hivyo.

Ilikuwa Jumapili, mwezi umejaa. Mchana kulikuwa na mbio kubwa za troti, na nilipozisoma niliona raha. Wa mbele walikuwa watatu, wote wakali, wote wasiokubali kuachwa. Walikuwa wanakwenda kuuana. Nyuma yao alikuwepo namba saba, wa kungoja, mwenye pumzi ndefu, aliyekuwa anaomba mbio za namna hiyo tangu mwaka uanze. Nikaandika: WA MBELE WATAUANA. NGOJENI SABA. Nikapiga mstari chini yake, kitu ambacho sikuwa na kawaida ya kukifanya.

Eliya akaja, akasoma, akasimama pale kitambo.

"Yaya, hii ya leo uko na hakika?"

"Sijaona mbio zilizo wazi hivi tangu nishike chaki."

"Murakoze," akanishukuru, akaondoka. Tiketi hakununua. Ningekuwa na akili ningeshangaa, lakini nilikuwa na kazi ya kujisifu mbele ya watu.

Haikupita muda mrefu, Furaha mke wake akaingia. Furaha hakuwa mtu wa kukanyaga pale. Alikuwa ameshika khanga kiunoni na pumzi zinamtoka.

"Yaya, moteri haiko."

"Haiko namna gani?"

"Haiko kwenye nyumba. Turubai nayo haiko. Na Eliya simu haishike."

Mmoja wa waliokaa benchini akajikuna kichwa, akasema amemwona Eliya akipakia kitu kizito kilichofunikwa kwenye teksi, gari likashika njia ya Gitaza. Gitaza alikuwepo mfanyabiashara wa ndagala, Kashindi, na kila mtu Kwa Farasi alijua kwamba Kashindi anapokea vitu rehani: unaacha chako, unapewa pesa papo hapo, na usiporudi nazo kwa siku mliyopatana, kitu kimekwenda. Nikaelewa yote kwa mpigo. Rumonge asingeweza kuiweka rehani, moteri ile inajulikana kama uso wa mtu. Kwangu asingeweza kucheza, ningemwona. Angeiacha Gitaza, apande gari mpaka Kabezi kwenye dirisha jingine la tiketi, akacheze saba. Saba wangu.

Nikamwambia Furaha arudi nyumbani na asimwambie mtu wa ekipe hata neno. Nikapanda Probox ya kwanza iliyotokea, mikono bado ina chaki.

Njiani, tulipofika mahali ambapo ziwa limekula barabara na magari yanapishana kwa kuombana, simu yangu ikalia. Ilikuwa taarifa ya kawaida ya siku ya mbio, majina ya farasi waliojitoa. Nikaisoma. Nikaisoma tena. Kati ya wale watatu wa mbele, wawili wamejitoa.

Natumaini mlikuwa mnanisikiliza kule mwanzo. Aliyebaki mbele alikuwa mmoja, namba mbili, peke yake. Hakuna wa kumvuta, hakuna wa kumsumbua. Mbio zilikuwa zimegeuka juu chini, na namba saba, aliyekuwa anasubiri wenzake wauane, hakuwa tena na mtu wa kumsubiri. Na ubao wangu ulikuwa bado umesimama pale mlangoni na mstari wake chini. Nikampigia Eliya, simu imezimwa. Nikamwambia dereva aongeze mwendo, akaniambia, "Mama, hii ni gari, si farasi." Siku nyingine ningecheka.

Gitaza walikuwa wameanika ndagala kwenye vichanja kando ya barabara, na Eliya alikuwa amekaa juu ya gunia kando yavyo, mkono mmoja ndani ya mfuko wa suruali, akingoja gari la Kabezi. Nyuma yake, chini ya paa la bati la Kashindi, niliona turubai. Nikamshukuru Mungu kwa magari machache ya Jumapili.

"Yaya, usinisumbue," akasema kabla sijafungua mdomo. "Nimechoka kuvua kwa moteri ya watu. Leo natoka."

"Saba amekufa," nikamwambia. "Wa mbele wawili wamejitoa. Hakuna wa kuuana. Saba hawezi kushinda leo hata wakimsukuma."

Akanitazama. Nikaona rangi inamtoka, kisha nikaona kitu kingine kinaingia machoni mwake, na hicho ndicho kilichonitisha.

"Basi nani anashinda?"

Vijana, nilikuwa najua. Katika miaka yangu yote sikuwahi kujua namna ile. Namba mbili peke yake mbele, katika mbio ambazo watu wote bado walikuwa wanazisoma kama asubuhi. Neno moja lingetosha. Ndugu yangu angerudi na moteri ya ekipe na nyingine ya kwake juu. Nilikuwa na neno hilo kwenye ncha ya ulimi, na nilimpenda ndugu yangu, na nilikuwa najua jinsi mikono yake ilivyopasuka kwa kamba.

"Sijui," nikasema.

"Unajua. Niko nakuona."

"Najua. Na sikuambii."

Akasimama. Akaniita jina ambalo sitalitaja hapa. Akasema nimeishi kwa kuwaambia wageni, walevi, watu nisiowajua, na yeye damu yangu namnyima. Mama mmoja aliyekuwa anageuza ndagala akaacha kugeuza ili asikie vizuri. Nami nikasema kilichokuja.

"Asubuhi uliniuliza kama nina hakika. Nikakuambia nini?"

Akageuzia uso kwenye vichanja.

"Nilikuambia sijaona mbio zilizo wazi hivi. Nilikuwa na hakika, Eliya! Na jua halijafika katikati, hakika yote imekwisha, na wewe ungekuwa Kabezi na pesa za wajane juu ya farasi aliyekufa. Sasa unataka nikupe hakika nyingine. Ukiweka moteri ya watu juu ya hii nayo, ikigeuka, nikamwambie nini Furaha?"

Akabaki amesimama, akitazama barabara ya Kabezi. Gari likaja, likapunguza mwendo, kondakta akapiga bati akiuliza kama kuna mtu. Eliya hakuinua mkono. Gari likapita. Akakaa tena juu ya gunia, akafunika uso.

Kashindi alikuwa ametoka kusikiliza. "Moteri ya watu?" akauliza. "Watu gani?"

"Ya ekipe," nikamwambia. "Ya familia zote za pale kwetu, wajane wakiwemo."

Kashindi akaruka. "Weye! Hukuniambia iko ya ekipe! Uliniambia ni yako! Unataka baniunguzie duka?" Nilijiandaa kubembeleza, nilijiandaa hata kupiga magoti, na mtu yule akawa ndiye anayenisukumia moteri miguuni. Alichukua pesa zake bila kuomba kitu juu yake, akakimbia kuleta na turubai, akatuambia tusiseme popote kwamba ilipita kwake. Kwa mara ya kwanza siku ile nikacheka, nikakaa chini kwenye mchanga na nguo yangu ya kanisani.

Tulipokuwa tunangoja gari la kurudi, saa ya mbio ikafika. Kashindi akafungua simu yake, maana naye alikuwa mcheza farasi, akaiegemeza kwenye chungu. Nilitaka kugeuka niitazame barabara kama nilivyofundishwa. Sikuweza. Namba mbili akachomoka, akakaa mbele, na hakuna aliyemfuata. Akapunguza mwendo. Wakamwachia. Akapunguza tena, wakamwachia tena, na nyuma huko saba akiwa amefungwa katikati ya kundi hana pa kupita. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiona garini, mstari kwa mstari. Na mimi, niliyekula mkate wa kazi hii, nilikuwa naomba kimoyomoyo namba mbili apige shoti atolewe. Niliomba nionekane sijui kitu. Kama angetolewa, Eliya angenishukuru na mambo yangeisha.

Hakupiga shoti. Alimaliza peke yake, mwendeshaji wake amekaa tuli.

Eliya hakutazama simu tena. Alinitazama mimi.

"Ni yule?"

"Ni yule," nikasema. Kudanganya nisingeweza, uso wangu haujui.

Akainuka akaenda mpaka majini, akasimama amenipa mgongo. Alikaa kule muda mrefu, nami nikadhani ndugu yangu nimempoteza, si kwa Kongo bali kwa hili. Nilikuwa tayari kwa hilo. Nilijiambia, akinichukia ni sawa, mtu anaweza kumchukia dada yake akiwa nyumbani kwake na watoto wake. Halafu akarudi, akainama, akaingiza mikono chini ya turubai.

"Yaya, shika upande ule. Iko nzito."

Njiani, gari lilipoanza kurukaruka kwenye mashimo, Eliya akaegemea mbele akamgusa dereva. "Polepole, ndugu yangu," akasema. "Hii moteri iko ya batu." Nikageukia dirisha, machozi yakanitoka, ya furaha tupu.

Nilibaki kwenye ubao baada ya hapo, sitawadanganya, mkate ni mkate. Ila sikupiga mstari tena chini ya jina la farasi yeyote, na wanaume waliponiuliza kama nina hakika niliwaambia waende wakalale. Patroni hakupenda. Miguu ilipoanza kuuma nikamrudishia chaki, naye hakunizuia, na siku hiyo ndiyo niliyolala fofofo, maana maneno yangu hayakuwa yakitembea tena na mifuko ya watu.

Jumapili ile tulifika nyumbani kwa Eliya jua likiwa bado juu. Furaha alikuwa ameketi mlangoni, na nadhani hakuwa ameondoka hapo tangu nimwache. Tukaitua moteri mbele yake. Hakutuuliza kitu. Akaondoa turubai, akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha pale kama mama anayepima joto la mtoto. "Iko hapa," akasema. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia ukuta, na Eliya naye akakaa chini kando yake.

Miaka yote niliyosimama mlangoni kwa ile kazi, watu walinijia kuniuliza nani ameshinda. Furaha hakuuliza.